Kaveke na Kadi ya Mbio

Kaveke Ndeti aliendesha lori la simiti kwenye barabara ya Mombasa mpaka siku trela lilipomvamia karibu na Sultan Hamud, akapoteza mguu wa kulia chini ya goti. Alipotoka hospitali, mwenye lori alimwombea heri, kisha funguo akampa mtu mwingine.

Watu wa kijiji chake, Kalamba, walikuja kumpa pole mama huyo na kumshauri afuge kuku. Kuku alifuga. Lakini alinunua pia kompyuta iliyotumika na usukani wa mezani, akaingia kwenye mbio za magari za mtandaoni, ambako kila mtu hushindana akiwa nyumbani kwake. Breki aliikanyaga kwa mguu wa kushoto. Mafuta aliyatia kwa vidole, akivuta kipini kidogo kilicho nyuma ya usukani.

Baada ya mavuno ya pojo alijinunulia monita mpya, ile inayoweza kubadilisha picha mara mia na sitini na tano kwa sekunde moja. Akaiwasha kwa hamu. Gari kwenye kioo likaendelea kurukaruka kwenye kona kama zamani. Alibadilisha waya, akapekua mipangilio yote, wapi! Ndipo akaelewa kwamba monita haikuwa na kosa. Kadi ya grafiki iliyokuwa ndani ya kompyuta ndiyo iliyochoka. Ilichora picha hamsini tu kwa sekunde, na monita ikakaa ikingoja zilizobaki.

Kaka yake Munyao, shemasi wa kanisa na mwenye pikapu, hakutaka kusikia habari ya kadi mpya.

"Uza hiyo kitu, Kaveke. Uliachana na barabara, achana na hii pia."

"Sikuachana na barabara. Barabara ndiyo ilinitupa. Washa gari twende Emali."

Kwenye duka la kompyuta mjini Emali, muuzaji aliyeitwa Githaiga alimwona mwanamke mwenye magongo na mwanamume aliyebeba kompyuta na monita iliyofungwa kwa leso. Akamsemesha mwanamume.

"Mzee, hii ni ya kijana wako?"

"Ni yangu," Kaveke akasema, akavuta kiti.

"Sawa, madam. Basi chukua hii kadi. Iko na memori kubwa sana."

"Memori kubwa sio mbio. Iweke tuone."

Ilipowekwa, Kaveke akaunganisha usukani aliokuja nao, akachagua mbio za kwenye mvua, magari yamejazana, kwa maana hapo ndipo kadi huonyesha udhaifu wake. Namba ya picha kwa sekunde, iliyokuwa pembeni mwa kioo, ilichezea sabini, ikashindwa kupanda.

"Toa."

"Madam, macho ya mtu hata hayawezi kuona tofauti."

"Yako, labda. Yangu yameshawahi kuona mbuzi akivuka lami kwa mvua, na mimi nimebeba mzigo hauwezi kusimama haraka."

Githaiga akaleta kadi ndefu yenye feni tatu, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto. "Hii sasa ndio mwisho wa maneno."

"Pawa saplai yangu, hii ya kuipa umeme, itaiweza?"

"Hapana. Itabidi tubadilishe."

"Na monita yangu itaonyesha picha zote itakazochora?"

Githaiga akajikuna shingo. "Hapana. Zingine zitapotea bure."

"Basi hapo unaniuzia sifa. Niletee ya katikati."

Ya katikati ilifika mia na arobaini, ikakwama. Munyao akaanza kukunja leso. "Haijafika. Twende nyumbani."

Kaveke alirudi kwenye mipangilio. Alipunguza vivuli, kisha akaondoa umati wa watu waliokaa kando ya barabara wakishangilia. Lami na mvua hakuvigusa. Namba ikapanda, ikapita mia na sitini, ikatulia.

"Sasa umefukuza watu wote," Munyao akasema.

"Hakuna hata mmoja alikuwa anaendesha."

Akaingia kwenye kona. Safari hii gari halikuruka. Lilipinda kama maji yanavyopinda mtaroni, na Kaveke akaona kila mzunguko wa usukani ukijibiwa papo hapo. Githaiga alikuwa ameinama nyuma yake akiitazama ile namba.

"Nifungie hii," akamwambia.

Jumamosi, nyumbani kwa Kaveke, Munyao alisema amekuja tu kunywa chai, lakini kikombe kilipoa mkononi akiwa amesimama nyuma ya kiti cha dada yake. Katikati ya mbio gari jekundu liliteleza likakata njia mbele yao.

"Kaveke, breki!" akapiga kelele, akafumba macho.

Kaveke hakushika breki. Aliona mwanya upande wa ndani, akapita. Akavuka mstari akiwa wa tatu.

"Huyo wa tatu ni nani?" msimamizi wa mbio akauliza kwenye spika za kompyuta. "Hujawahi kuongea."

Kaveke akawasha maikrofoni. "Naitwa Kaveke Ndeti, wa Kalamba."

Mtu akacheka. "Aah, kumbe ni mathe, mama mzima! Hii si ni ya vijana?"

"Ndio, na vijana nimewapita. Msimamizi, niandike kwa raundi ijayo. Na uniweke karibu na huyo anayecheka."