Mchaichai wa Katibu Mkuu

Hakuwahi kuwa katibu mkuu wa kitu chochote, hata wa kamati ya harusi. Alikuwa karani wa masijala, amegonga barua muhuri kwa miaka thelathini na mmoja. Ila kwa jinsi alivyopita kwenye korido, tumbo mbele na faili kwapani, wafagiaji walimpachika jina la Katibu Mkuu kwa kejeli. Yeye akalipokea kama cheo. Alipostaafu akalibeba mpaka nyumbani, na mkewe, fundi cherehani asiye na maneno mengi, akaliacha lipite kama alivyoacha mengine mengi.

Miezi miwili ya kustaafu ilitosha kumchosha kila mtu. Alipanga upya masufuria kwa kimo, akabandika ukutani ratiba ya kufagia ua. Mkewe aliposikia kuna semina ya siku tatu ya ufugaji nyuki, ndiye aliyekwenda kumwandikisha, mbio, na gauni la mteja likiwa bado kwenye mashine. Alitaka siku tatu za kupumua. Alizipata, lakini mume akarudi na cheti.

Cheti kikatiwa fremu na kutundikwa juu ya cherehani, mahali ambapo mkewe alikuwa anatundika vipimo vya wateja. Wiki iliyofuata ukaja mzinga mpya wa mbao. Katibu Mkuu aliupaka rangi ya mafuta, kijani ya kung'aa, mikono miwili, kisha akaandika kwa herufi nyeupe: MZINGA NA. 1.

"Baba watoto, hiyo rangi inanuka," mkewe alisema kutoka dirishani, pini zikiwa mdomoni. "Nyuki hawataingia humo. Mama alikuwa anasugua nta kuukuu ndani, na majani mawili ya mchaichai mlangoni. Basi."

"Mama mkwe namheshimu sana," alijibu Katibu Mkuu, "ila hayo ni mambo ya kubahatisha. Mimi nimesomea."

Bahati mbaya kijitabu cha semina nacho kiliutaja mchaichai. Kilieleza kuwa harufu yake inafanana na ile wanayotoa nyuki wanapoitana, na kwamba kiasi kidogo mno kinatosha. Katibu Mkuu alisoma mpaka neno "mchaichai" akafunga kitabu. Kama kidogo kinaleta kundi, aliwaza, kingi si kitaleta taifa zima?

Aling'oa mchaichai wote wa mkewe, na mizizi yake. Akakata mrehani uliokuwa mlangoni. Akaingia kwa dada yake, nyumba ya pili, akatoka na mnanaa wake wote bila kuomba. Vyote akavitwanga kwenye kinu, akapaka mzinga ndani na nje, na kilichobaki akajifutia kwenye koti lake la kazini, maana aliona haya kuchafua taulo.

Nyuki walikuja, hilo hatuwezi kumnyima. Walikuja mmoja mmoja, wakazunguka mlangoni, wakapata kizunguzungu, wakaondoka. Katibu Mkuu aliketi mbele ya mzinga na daftari la mistari, akaandika: "Saa nne na robo. Nyuki wawili. Wameondoka bila maelezo." Kwa wiki mbili waliohamia MZINGA NA. 1 ni sisimizi peke yao, nao hakuwaandika.

"Kaka," dada yake alimwambia kutoka ng'ambo ya ua, "ule mnanaa wangu umeshazaa asali au bado?"

"Utafiti hauharakishwi, dada."

"Mimi nauliza tu. Chai yangu inanuka maji."

Siku hizo hizo mkewe alichukua droo ya meza ya cherehani iliyovunjika, akaigongea ubao juu, akaacha mlango wa upana wa vidole viwili. Ndani akasugua donge la nta analopitishia uzi wa kushonea turubai. Kijichipukizi kimoja cha mchaichai kilikuwa kimesalimika nyuma ya pipa la maji. Akavunja majani mawili, akayasugua mlangoni, akaitundika droo kwenye tawi la mpera. Kazi nzima haikufika nusu saa, akarudi kwenye pindo la sketi.

"Takataka gani hiyo inaning'inia?" Katibu Mkuu aliuliza.

"Droo."

"Iondoe kabla ya Jumamosi. Nina wageni."

Hakuiondoa.

Wageni wenyewe walikuwa wastaafu wenzake ishirini na afisa wa nyuki, mama mwembamba mwenye buti, yule yule aliyeendesha semina. Katibu Mkuu alikuwa ameazima viti, spika na kipaza sauti, ili awaonyeshe namna ya kuvuta nyuki kitaalamu. Kwamba hakuwa amevuta hata mmoja, alikiona ni kidosari kidogo cha utekelezaji. Asubuhi hiyo aliongeza ndoo ya mwisho ya mchaichai, safari hii wa kununua sokoni, akavaa lile koti.

"Ndugu zangu," alianza, kipaza sauti kikimgusa mdomo, "nyuki ni kama ofisi. Anatambua mamlaka. Wakija, asikimbie mtu! Simama tuli, pumua polepole, mwonyeshe kwamba..."

Mvumo ulisikika kwanza juu ya paa, kama mashine ya kusaga inayowashwa mbali. Kisha kundi lenyewe likashuka, jeusi na pana, likaupita MZINGA NA. 1 bila kugeuka, likaelekea kwenye mpera. Lingeishia huko. Lakini katikati ya njia likakutana na harufu ya koti.

Walitua mgongoni, mia ya kwanza, kisha maelfu. Hawakumchoma, nyuki wanaohama wameshiba, hawana ugomvi na mtu. Yeye mwenyewe alikuwa amelisomea jambo hilo kwenye semina, na dakika moja kabla alikuwa akiwakataza watu kukimbia. Likamtoka kichwani lote. Alitimua mbio huku ameshika kipaza sauti, na mtaa mzima ukasikia kwenye spika: "Mama watotoo! Nakufaa! Nivuee!" Wastaafu ishirini walikaa tuli kama walivyofundishwa. Mwalimu ndiye aliyeruka viti viwili, akajivua koti hewani na kujifungia chooni.

Mkewe aliweka mkasi chini. Alitembea taratibu, akaliokota koti kwa kola, zito kama mtoto aliyelala, akalipeleka chini ya mpera. Akashusha droo, akalikung'uta koti mara moja mbele ya mlango. Nyuki wakaanza kuingia kwa safu, na walioachwa hewani wakawafuata.

Afisa wa nyuki alikuwa amesimama karibu. "Umesomea wapi, mama?"

"Kwa mama yangu."

"Na yule bwana?"

"Yule alisomea kwako."

Afisa alikohoa. Wastaafu hawakukohoa, walicheka mpaka mmoja akatokwa na meno ya bandia. Mlango wa choo ukafunguka nusu.

"Kama mlivyojionea," Katibu Mkuu alisema, jasho linamtiririka, "koti lilikuwa sehemu ya mbinu."

Akaandika taarifa ya kurasa tatu. Humo mkewe alitajwa mara moja, kama "msaidizi wa eneo la tukio." Afisa aliisoma, akaikunja, akamwandikia mkewe barua ya kumwomba afundishe akina mama kumi na wawili, Jumanne na Alhamisi. Akakubali. Katibu Mkuu alijitolea kuwa mwenyekiti wa mafunzo; mafunzo yakaanza bila mwenyekiti.

Siku ya kurina asali ya kwanza alisisitiza kushika bomba la moshi wa kuwatuliza nyuki, akapuliza huku anatoa maelekezo, na nyuki mmoja akamchoma kwenye mdomo wa chini. Mdomo ukavimba kama andazi. Kwa siku tatu hakuweza kutamka neno. Mkewe alimkanda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, akamlisha uji kwa kijiko, na katikati akashona sare tisa za shule. Wifi yake alipopita kuuliza hali ya mgonjwa, akamwambia anaendelea vizuri, hakuna haja ya kuharakisha.