Farasi wa Shemeji

Hii utabisha, najua, lakini ilitokea Tanga, mwaka hamsini na sita, na iliyemchoma ni mwanamke ambaye maishani hajawahi kugusa kete ya sataranji.

Semeni. Mumewe Idarusi alikuwa muuza nguo wa Ngamiani, mgonjwa wa sataranji hasa. Yalipoletwa mjini mashindano ya mabingwa wa pwani nzima, kila mmoja acheze na kila mwenzake, Idarusi akawa shabiki wa kufa na kupona wa Mwinyijuma wa Pangani. Barazani wakamchokoza.

"Mzee wako kaisha huyo! Mwaka huu anarudi Pangani analia!"

Idarusi damu ikampanda. "Mwinyijuma asipokuwa wa kwanza, Semeni kaachika!"

Talaka mbili zilishatoka kwa hasira kama hizo, akamrejea. Hii ya tatu, na ya tatu hairudi. Na Asmahani, binti yao wa pekee, angechukuliwa na bibi yake mzaa baba kule Mkwaja. Sheikh alipoulizwa akasema kiapo kimefunga.

"Hasira tu, mke wangu," Idarusi akamwambia, machoni hamtazami. "Lakini usiwe na wasiwasi. Mwinyijuma hafungwi yule."

Basi Semeni akaanza kufuata sataranji! Kila akitoka sokoni anapitia ukumbi wa mashindano, anasimama mbele ya ubao wa mlangoni, anasoma matokeo ya chaki kwa zile herufi za Kiarabu alizojifunza chuo cha Kurani. Mwinyijuma kashinda: Semeni akapika pilau. Mwinyijuma katoka sare na Zebedayo wa Amani: Semeni hakula. Mwinyijuma kafungwa: Semeni akakaa chini pale pale mlangoni, kapu la samaki mapajani.

"Shoga, inuka, watu wanakutazama," Mboni, jirani yake, akamvuta.

"Waache watazame. Nani yuko juu?"

"Mdogo wako."

Mdogo wake! Uweso, tumbo moja, katoka Mwera, analala chumba cha uani kwake, anakula chakula chake, na ndiye anayeongoza! Mwinyijuma akajikongoja, akashinda, akashinda tena, hadi siku ya mwisho wakawa sawa kwa pointi. Na mchezo wa mwisho ni wao kwa wao.

Asubuhi Semeni akamfuata uani. "Uweso, mdogo wangu, kubali ufungwe."

"Kwa mume gani, dada? Mara mbili kashakuacha! Akitoa ya tatu mimi nachinja mbuzi."

"Na Asmahani akienda Mkwaja utachinja nini?"

Uweso akasukuma kikombe cha chai, akatoka.

Semeni akasimama nje ya dirisha la ukumbi, kajizonga buibui, kucha zake zimezama mkononi mwa Mboni. Ndani watu wamebanana, jasho tupu. Uweso akanyoosha mkono juu ya farasi wake. Akaurudisha. Akaunyoosha tena. Akaurudisha. Hata Semeni, wa kujifunza kwa kuchungulia, aliona: farasi akiruka pale, mfalme wa Mwinyijuma hana pa kukimbilia.

Watu wakaanza kuguna. Na hapo, wallahi, Idarusi, yule yule aliyeapa, akashindwa kujizuia.

"Farasi, shemeji! Ruka na farasi! Huoni?"

"Yarabi!" Mboni akashika kichwa. "Anakuacha tena kwa mdomo wake!"

Mwamuzi akafoka, Idarusi akaziba mdomo, lakini macho yamemtoka, yako kwa farasi tu. Uweso akainua uso, akamwona dada yake dirishani. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

Uweso akamwacha farasi. Akasukuma askari wa pembeni, yule asiye na kazi.

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na matusi. Haukupita muda, Mwinyijuma akashinda.

Jioni Idarusi yuko mkekani anapiga mapaja. "Nimemwonyesha! Kwa mdomo wangu! Bado kasukuma askari! Mke wangu, huyu mdogo wako ana akili kweli?"

Kiapo hata hakikumbuki! Uweso kainama, anachambua miba ya samaki, na Mwera nzima inamngoja kumcheka. Asmahani kalala, kichwa kwenye paja la mama yake.

Semeni kashika upawa wa mchuzi, unatoa moshi. Idarusi kanyoosha sahani.

"Nijibu basi, Semeni!"

Haya, wewe ungekuwa Semeni, ungefanyaje?