Kome wa Kuuza

Kwa Bimdogo kome walikuwa wa aina mbili tu, wa kula na wa kuuza, na miaka arobaini ya kuokota miambani Bagamoyo haikumpa sababu ya kuongeza ya tatu. Mwezi uliopita alikuja Nasrin, mtafiti, na kitabu chake cha picha. Alipomwonyesha kome mwenye michoro ya wavu na kumwambia huyo ni wa jamii nyingine kabisa, ana mwiba wenye sumu ya kuua mtu, Bimdogo alimcheka hadharani. Akamwambia aandike tu: wa kuuza.

Leo maji yalikuwa yamekupwa sana. Shufaa, mkwewe, mtoto wa wakulima wa Zinga na mja mzito wa miezi mitano, aliinua kome akamuuliza ni wa kula au wa kuuza. Bimdogo aligeuza shingo nusu.

"Wa kuuza, mwanangu."

Shufaa akamfutika kibindoni, kwenye pindo la kanga aliyojifunga kiunoni juu ya gauni, mikono ibaki huru. Ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni Bimdogo. Kome alipokuwa akizama ndani ya kitambaa, Bimdogo akaiona ile michoro.

Akipiga kelele, Shufaa atajishika tumbo.

"Shufaa, weka mikono kichwani. Usiniulize kitu."

Shufaa alitii huku akitabasamu, akidhani ni mzaha. Bimdogo akapiga magoti majini, akalishika pindo kwa ncha za vidole. Fundo la kanga lilikuwa limelowa, likagoma. Akalivuta kwa meno, uso wake karibu na tumbo lile, huku akihisi kitu kinajongea ndani ya nguo. Fundo likaachia. Akaitupa kanga mbali, na kome akaangukia majini, mrija mwembamba ukimtoka kwenye ncha, ukipapasa.

"Amekugusa?"

"Hapana, mama. Kwani ana nini?"

Bimdogo akamvuta nyuma, mbali na kome. Alimkumbuka Adila, bintiye wa kumzaa, aliyeanguka miambani humu humu miaka sita iliyopita, midomo imekufa ganzi, pumzi hazipandi. Watu walisema ni presha, naye akaamini. Walipomvua nguo wamwoshe, kibindoni walimkuta kome mmoja mwenye michoro ya wavu.

Siku hiyo Bimdogo alimchukua kome huyo kwa mkono wake mwenyewe, akamweka kwenye fungu la wa kuuza.