Taa ya Chatu

Chatu alikuwa amejikunja upande wa taa, mapindi yake yakipandana kama kamba nene iliyolowa, na Nasambu akajua kabla ya kutazama kipimajoto kwamba sanduku lake la mbao na kioo limeanza kupoa. Joto likitosha, nyoka huyo alijinyoosha hadi upande wa pili, penye karai la maji, akatulia huko. Likipungua, alirudi kulalia lile bati ambalo chini yake taa ya mafuta iliwaka mchana na usiku.

Nasambu alipiga magoti, akapandisha utambi. Hakujua kusoma tarakimu, kwa hiyo Memsaab Cora, mwenye shamba, alikuwa amepaka alama mbili za rangi nyekundu kwenye kipimajoto. "Zebaki nakaa hapa katikati," alimwambia siku ya kwanza. "Napita juu, wewe sogeza taa. Nashuka, ongeza moto. Hapana sahau."

Hakusahau, ingawa miezi ya mwanzo alinong'ona sala kila alipopiga magoti hapo. Kanisani kwao Kimilili alifundishwa kwamba nyoka ni adui wa uzao wa mwanamke. Sasa alikula mkate wake kwa kumtunza mmoja asipate baridi. Mumewe, Khisa, aliyemleta kwenye shamba hili nje ya Eldoret, alikuwa amechukuliwa vitani. Bwana wa Memsaab naye alikwenda vitani akafia Uhabeshi. Ndiye aliyemtoa chatu huyo bonde la Kerio, kwenye jua kali, akamleta huku juu ambako ukungu huamka na watu. Tangu habari za kifo zifike, Memsaab alikuwa akiingia chumba cha chatu kila jioni na kuketi mbele ya kioo.

"Memsaab akimlinda yule nyoka, anamlinda marehemu," alisema Kimeli, mpishi. "Wewe fanya kazi yako, usiulize."

Mwezi wa saba mvua haikukatika. Katika kambi ya wafanyakazi kuni zilitoa moshi tu, na kuta za kibanda cha Nasambu zikatoa jasho. Binti yake, Nelima, ambaye ndiyo kwanza aanze kutembea, alishikwa na kikohozi, kisha homa, kisha kifua kikaanza kupiga filimbi. Aligeuza uso asinyonye.

Asubuhi Nasambu alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono nyuma. "Memsaab, naomba mafuta kidogo na ile taa ya stoo. Mtoto ana baridi ya kifua."

Memsaab alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu wa kufoka. "Mafuta ni ya mgao, Nasambu. Vita. Ile nabaki hapana tosha hata kwa chatu mpaka gari iende mjini. Yeye juzi nakula sungura. Sasa kama napata baridi, nyama naoza ndani ya tumbo, nakufa." Akaingia ndani, akarudi na nusu ya kidonge ndani ya karatasi. "Pa mtoto hii."

"Asante, Memsaab," Nasambu alisema. Neno lilimtoka kwa mazoea. Alikimbia kambini, akamsagia Nelima kile kidonge, akarudi kazini.

Mchana Memsaab alipanda farasi kwenda kukagua mahindi yaliyolala kwa upepo. Nasambu alikwenda kambini, akamfunga Nelima mgongoni, akapita jikoni naye. Kimeli alimwona. Aliendelea kumenya viazi.

Chumba cha chatu ndicho pekee kilichokuwa na moto mchana na usiku katika shamba zima. Alitandika gunia karibu na sanduku, akamlaza mtoto. Lakini joto lilikuwa limefungiwa ndani ya mbao na kioo, na sakafuni ubaridi ulipanda kama maji. Alipandisha utambi. Zebaki ikavuka alama ya juu. Chatu akakimbilia upande wa karai, akaanza kusukuma kioo kwa pua, pole pole, akitafuta pa kutokea. Midomo ya Nelima ilikuwa ya kijivu.

Nasambu alimtazama nyoka, akamtazama mtoto. Kisha akaivuta taa kutoka chini ya bati na kuiweka sakafuni, kando ya kichwa cha binti yake.

Memsaab aliporudi, koti likitiririka maji, zebaki ilikuwa imeshuka chini kabisa. Alifungua sanduku, akaingiza mkono.

"Yeye baridi," alisema.

"Mtoto pia alikuwa baridi, Memsaab." Nasambu hakuinama wala hakusimama. Alikuwa ameshika mguu wa Nelima, uliokuwa umeanza kurudiwa na uvuguvugu.

Memsaab alitoa mkono ndani ya sanduku. Alivua koti lililolowa, akamnyanyua chatu kwa mikono miwili, mzito, akilegea kama aliyezimia, akaketi naye sakafuni upande wa pili wa taa. Akamkusanya mapajani, akamfunika kwa sketi yake. Nasambu alinyoosha mguu wake, akauweka kati ya nyoka na mtoto.

"Funga mlango," Memsaab alisema bila kumtazama. "Joto natoka."

Nasambu aliinuka, akaufunga, akarudi mahali pake. Nje mvua ilianza tena. Mtoto alikohoa, akavuta pumzi, na wanawake wote wawili wakangoja pumzi ya pili.