Kahawa ya Bwana Theodory

Kahawa haitaki haraka, na mimi ni mtu wa haraka. Baba yangu, Tluway wa Nambis, alikuwa na mibuni michache nyuma ya nyumba, na aliponifundisha kukaanga buni alinigonga vidole kwa mwiko kila nilipochochea moto. "Bernadina, unakaanga au unaunguza?" Nilivumilia, nikajua. Nilipoolewa kwa Wabarabaig, huku chini Gehandu, nilishuka na kifuko cha buni, na wifi zangu wakanicheka sana. Kwao kinywaji ni maziwa, na pombe ya asali siku kubwa. Waliniambia ninapika mkaa.

Mwaka ninaousimulia, shamba la ngano la serikali lilikuwa limefika mlangoni kwetu. Malisho yalishakwenda zamani, na mume wangu, baba Joakimu, alikuwa amekwenda mbali pamoja na ng'ombe akitafuta majani. Siku moja wakaja watu wa kupima, wakasimika vigingi vyeupe nyuma ya boma letu. Ndani ya vigingi hivyo, chini ya mgunga mkubwa, alikuwa amelala baba wa baba mkwe wangu. Tuta lake lilijengwa na ukoo mzima kwa miezi, udongo juu ya udongo, na watu walitoka mbali kuja kulimwagia asali. Jina lake siwezi kulitaja hata leo. Mwanamke aliyeolewa kwao hataji majina ya wakwe, walio hai na waliokufa, na neno kaburi halisemi mbele ya mkwe wake. Sisi wake wa boma lile tuliliita kilima, basi.

Baba mkwe alikuwa ameanza kupoteza macho, lakini msimamo hakuwa amepoteza. "Nyumba wachukue," alisema. "Nyumba inajengwa pengine. Baba yangu hahami."

Alitembea mpaka ofisi ya shamba kuwaomba wenye trekta wapishe pale tu, wazunguke, waache duara dogo. Mlinzi akamrudisha getini kwa sababu alikuwa amevaa shuka na ameshika fimbo. Alirudi mara nyingine, akarudishwa tena. Mimi nilitukana siku nzima.

Sasa, mpishi wa meneja msaidizi alikuwa kijana wa kwetu Nambis, anaitwa Patriki. Alipita kwangu kusalimia, akaniambia bosi wake, Bwana Theodory, anaumwa hamu ya kahawa. Maduka ya Katesh yalikuwa na chumvi na viberiti tu. "Juzi nimemkaangia ngano, nikaitwanga, nikampa," Patriki akasema. "Ameinywa huku anafumba macho. Dada, nimemhurumia."

Nikamwambia, mwambie Bernadina wa Nambis anayo buni, na kesho akija kukagua vigingi apite hapa anywe.

Kisha nikaenda kwa baba mkwe. Nilipiga magoti, nikasema, "Baba, huyo mkubwa wa ngano tumlete hapa nyumbani. Hapa hakuna geti. Akikaa kwenye kigoda chako atakusikia."

"Mlete," akasema. "Akimaliza kunywa nitamwambia."

Nilifurahi kiasi kwamba sikuyapima maneno yale, na sioni aibu kusema hivyo, maana nani angeyapima? Katika ukoo wao mgeni haombwi neno akiwa na kinywaji chako mkononi. Ni kumfunga kamba. Unasubiri amalize, aweke chombo chini, apumue, ndipo useme. Hilo nilikuwa nalijua. Na kwetu Nambis, mwanamke akiacha kikombe cha mgeni kikauke, ameaibisha nyumba yake na mama aliyemzaa. Hilo sikuwa nalijua, nilikuwa nalo mwilini tu.

Siku ile sikufanya haraka hata kidogo. Niliondoa kuni zote nikaacha makaa, nikaweka kikaango cha udongo, nikamimina buni na kuanza kugeuza. Ukisimama kugeuza umeharibu. Zilianza kunuka majani makavu, zikawa za manjano, zikanuka mkate, kisha zikaanza kulia, ta, ta, na hapo ndipo watu wengi huingiwa na tamaa ya kuzifanya nyeusi. Mimi nilizitoa zikiwa na rangi ya udongo uliolowa, nikazipepeta kwenye ungo zipoe upesi. Nilizitwanga, nikachekecha, zilizobaki nikatwanga tena. Maji yalipochemka niliyateremsha kwanza, yakatulia, ndipo nikatia unga, nikakoroga na kufunika. Mwisho nilinyunyiza maji ya baridi kidogo ili machicha yashuke. Maziwa niliyapasha pembeni. Wifi zangu hawakucheka siku hiyo. Walisimama mlangoni wakinusa.

Bwana Theodory alifika na Landrova, dereva wake Sulle akabaki kwenye usukani. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Lakini alivua kofia, akainama, "Shikamoo mzee," akampa baba mkwe mikono miwili. Ningependa awe mtu mbaya. Ingenisaidia.

Alikaa. Alionja. Akasema, "Mama, umeitoa wapi hii?"

"Nyumbani, bosi. Nambis."

"Mimi nimezaliwa kwenye kahawa na sijanywa kahawa kama hii." Akaanza kusimulia. Mama yake alikuwa mgonjwa huko kwao na yeye hapati ruhusa. Mvua zimechelewa, makao makuu wanataka eka zaidi, spea hakuna, trekta nusu zimelala. Alikuwa anaongea kama mtu ambaye hajaongea na mtu tangu mwaka juzi. Kila kikombe kiliposhuka nilikijaza kabla hakijafika chini.

Baba mkwe alikaa mbele yake, mikono juu ya fimbo. Kila niliponyanyua birika aligeuza uso upande wangu. Niliuona uso ule. Niliusoma kwamba anasema mpe mgeni, mpe, nyumba isiaibike. Nikampa.

Jua lilianza kuegemea Mlima Hanang. Mara Sulle akapiga honi. "Bosi! Safari ya Arusha!"

Bwana Theodory akaruka juu na kikombe mkononi, akamalizia kahawa amesimama, akanikabidhi kikombe mimi mwenyewe, akamshika mzee bega, "Asante sana mzee, umenipokea," na huyo anakwenda garini.

Baba mkwe akainuka. Sasa kikombe hakikuwepo, sasa angeweza kusema. Akamfuata polepole na fimbo yake, akaanza kama mzee anavyoanza jambo kubwa. "Ng'ombe wako hawajambo?"

"Hawajambo, mzee!" Mtu mwenyewe hana hata mbuzi.

"Watoto hawajambo?"

"Wazima kabisa." Mlango wa gari ukafungwa.

"Mama yako anayeumwa, anaendeleaje?"

Injini ikawaka. Niliona kwamba mpaka mzee afike kwenye neno lake gari litakuwa Katesh. Nikakimbia, nikashika dirisha, jasho linanitoka kwa hofu ya kumkatiza mkwe. "Bosi, tunakuomba, kile kilima pale kwenye mgunga..."

Akatazama nilipoonyesha, akacheka kwa wema wote. "Kile kichuguu? Kinawasumbua? Ondoa wasiwasi, mama, kesho asubuhi naagiza waanze na hicho. Kwa kahawa ile ningekukatalia nini?"

Gari likaondoka.

"Ni kaburi!" nikapiga kelele. "Kaburi! Kaburi la watu!" Vumbi lilinijaa mdomoni. Nilipogeuka, baba mkwe alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Angenipiga kwa ile fimbo ningemshukuru.

Nilishika njia ya kwenda kwenye kambi ya shamba wakati uleule, nusu natembea nusu nakimbia. Nilipofika nilimkuta Patriki anafua mashati. Bosi alikwishasimama pale dakika moja, akachukua begi na kuondoka, na amri alimwachia mkuu wa madereva. Nikamtafuta huyo mkuu wa madereva. Alinisikiliza vizuri tu, akajikuna kidevu.

"Mama, mimi ninapewa mstari," akasema. "Na huu wa kwenye mgunga ameutaja mwenyewe kwa mdomo wake. Nikiuacha, nitamjibu nini?"

"Mwambie ni kaburi."

"Mbona mwenyewe amesema ni kichuguu?"

Asubuhi yake walianza na mgunga. Waliufunga mnyororo wakaung'oa, halafu majembe ya diski yakapita, yakarudi, yakapita tena mpaka pakawa sawa na kwingine kote. Wifi zangu walilia kwa sauti. Mimi nililia kwa hasira, na baba mkwe alikaa ndani.

Patriki alikuja baadaye na salamu. Bosi amerudi kutoka Arusha, anauliza kama ningekubali kwenda kumpikia kahawa nyumbani kwake, kazi ya kudumu. Nikamuuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Patriki alitazama miguu yake. "Alishika kichwa. Akasema, mbona hawakusema? Nilikaa pale mchana kutwa."

Nilimfukuza Patriki, masikini, ambaye hakuwa na kosa. Mpaka leo sijui ningemjibu nini bosi wake. Hakudanganya. Alikaa mchana kutwa.

Ngano ilipoota, baba mkwe aliniita. Alikuwa ameshika kibuyu cha asali. Akaniambia nimpeleke kwa baba yake. Nikamshika mkono, tukavuka vigingi, tukaingia katikati ya kijani kile kisicho na mwisho. Nilitafuta shimo la mgunga, nikatafuta jiwe, nikatafuta hata mwinuko mdogo wa kukanyaga. Hapakuwa na kitu. Mistari ilikuwa imenyooka kila upande.

Alikuwa akinisubiri, kichwa ameinua, macho yake hayaoni mbele ya fimbo.

"Ni hapa, mama Joakimu?"

Nilizunguka tena nikaangalia.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Ni hapo uliposimama."

Akavua viatu. Akamwaga asali juu ya ngano yao, na akaanza kuzungumza na baba yake.