Hesabu za Lornah Chini ya Blanketi

Mwaka 1991 Lornah alibakiza hatua moja tu ya hesabu ili amalize tasnifu yake ya uzamili. Ilikuwa ya fizikia ya nadharia, kuhusu namna joto linavyotoka ndani ya nyota inayokufa. Msimamizi wake kule Nairobi alikuwa anaondoka nchini Jumamosi. Asipoipata kazi hiyo, Lornah angesubiri mwaka mwingine. Alikuwa ameshachoka kusubiri.

Shida ni kwamba kazi yake haikuonekana. Alikaa kwenye meza ya chumbani, katika nyumba ya serikali aliyopewa mumewe huko mtaa wa Milimani, mbali na Nairobi, akiukodolea macho ukuta, na kila aliyepita aliona mtu asiye na shughuli. "Kwa vile umekaa tu," walianza, kisha wakamletea mtoto, au dagaa wa omena wa kuchambua, au wageni. Kila alipokatizwa, hesabu iliporomoka kichwani, akaanza upya.

Jumanne, Dorca, mama mkwe wake aliyekuja kuwatembelea kutoka Kombewa, alimwonea huruma.

"Nyathina, mwanangu, hiyo kazi yako inataka nini hasa?"

"Kuachwa, Mama. Saa moja tu."

"Funga mlango. Mimi nakaa hapa mbele."

Walipofika akina mama wa kanisa, Dorca aliwaambia Lornah ni mgonjwa. Alisahau anaongea na nani.

"Mgonjwa, halafu sisi tusimame nje?" alisema Selpha, kiongozi wao, viatu ameshavivua.

Lornah alisikia nyayo, akarukia kitanda na kujifunika hadi shingoni.

"Woi, hata sura imekwisha," alisema Selpha. "Tangu lini?"

"Tangu Februari." Hakudanganya: hatua ile ya hesabu ilimkwamia mwezi huo.

"Fumba macho, mama. Usiseme kitu. Tuachie sisi."

Wakapiga magoti. Selpha hakuwa mtu wa sala fupi. Hakuna aliyemletea Lornah mtoto, hakuna aliyetaka chai. Akaipitia hesabu taratibu, mstari kwa mstari, hadi akaliona kosa: alikuwa amechukulia kwamba joto linatoka sawasawa pande zote, ilhali nyota yake inazunguka. Nusu ya kazi ilibidi ifanywe tena. Chozi likamtoka.

"Asante, Bwana!" Selpha akapaza sauti.

Walipoondoka, Dorca aliinamia kitanda. "Nisamehe. Nimekuharibia."

Lornah alimshika mkono. "Mama, waambie warudi kesho. Bado naumwa."