Utepe wa Mwenyekiti

Kamati ya Kusimamia Dawa za Mifugo ya kwetu Kapseret ilizaliwa na fulana thelathini, kofia thelathini na mwenyekiti mmoja. Fulana zilipauka mapema. Mwenyekiti ndiye aliyezidi kung'aa.

Huyu ni Mzee Johnstone Walubengo, mwenye ng'ombe kumi na wanne na hotuba moja. Hotuba yenyewe ilihusu sheria, na sheria, kusema kweli, ilikuwa nzuri kuliko msemaji wake. Ng'ombe akidungwa antibiotiki, mwenyewe amfunge utepe mwekundu mkiani, na maziwa yake yamwagwe siku tatu. Watu wakinywa dawa kidogo kidogo ndani ya chai, vijidudu huzizoea, na siku ya kuugua kweli dawa inakuwa maji tu. Daktari wa mifugo wa kaunti, dada mpole aitwaye Nabwire, alituletea bunda zima la tepe.

Jirani yetu Nasambu, mwenye ng'ombe mmoja, alitumia utepe wake mwezi wa tano. Alimwaga maziwa siku tatu, na watoto wake wakanywa chai ya rangi bila kunung'unika. Kwa Mwenyekiti hatukuwahi kuona utepe mkiani hata mara moja.

"Ng'ombe zangu hazigonjekangi," alitangaza kanisani.

Alikuwa mkweli kwa namna yake. Hawakupewa nafasi ya kuugua. Mmoja akikohoa, wote walidungwa, kama mpishi anayetia chumvi kabla ya kuonja. Nyuma ya zizi lake kulikuwa na debe lililojaa vichupa vitupu vya penisilini, nami nilikuwa nikilipita kila jioni nikienda kumchukulia senje maziwa.

Senje ni Nanzala, dada ya baba, aliyenilea tangu mama alipofariki. Kwa miaka tisa amenunua maziwa kwa Walubengo, akayachemsha, akayatia mbegu ya mtindi wa jana, ule tunaouita mala, na kesho yake akapeleka mala hiyo mtaa wa Huruma kwa mafundi wa jua kali. Mimi nilikuwa nyumbani kwa wiki mbili kwa sababu uongozi wa shule yetu ya bweni haukuupokea vizuri uamuzi wetu wa kumchagua mbuzi wa jikoni kuwa kiranja wa bweni. Yeye ndiye aliyepata kura nyingi.

Wiki hiyo mala ya senje ilikataa kuganda. Siku ya kwanza mafundi walicheka. Siku ya pili mmoja akamuuliza, "Mama Mala, hii ni mala ama ni maji umeosha sufuria?" Siku ya tatu walimrudishia jagi zake. Habari ikafika kwenye kamati, na Mwenyekiti akaandika barua kwa mkono wake mtukufu: Nanzala afike Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, anyang'anywe kibali cha kuuza maziwa kwa sababu ya uchafu wa mikebe.

Alhamisi nilimkuta senje akisugua mkebe kwa majivu, kwa mara ya tatu siku hiyo.

"Senje, wacha kusugua. Mkebe hauna makosa."

"Nyamaza wewe. Mtu amefukuzwa shule juu ya mbuzi ndiye atanifunza mala?"

"Sikufukuzwa. Nimepumzishwa."

"Haya, mpumzishwa. Sema."

Nikamweleza. Maziwa hugandishwa na vijidudu vyema vilivyo ndani ya mbegu. Antibiotiki huua vijidudu, na haiulizi kipi chema kipi kibaya. Na kuchemsha hakuondoi dawa.

Akaacha kusugua. "Unasema Walubengo ananiuzia sindano?"

"Nasema tuyaulize maziwa."

Ijumaa jioni nilichukua lita tatu kwa Nasambu, tukazichemsha na kuzitia kwenye ule mkebe wa senje ulioitwa mchafu. Kisha nikaenda kwa mke wa Mwenyekiti, Mama Lawrence, nikiwa na adabu nyingi kiasi cha kunitia kichefuchefu. Nilimwambia kesho kutakuwa na wageni. Je, haingependeza waonje mala ya ng'ombe wa Mwenyekiti, kutoka mkebe wa Mwenyekiti mwenyewe?

"Huyu mtoto ana heshima, si kama wanavyosema," akasema. Akatoa mkebe wa chuma unaong'aa, ule Mwenyekiti alioshinda kwenye maonyesho ya wakulima, akauosha mara mbili mbele yangu, akachemsha maziwa yake na kuyamimina mwenyewe.

Nyumbani senje alitia mbegu ileile katika mikebe yote miwili, kijiko kwa kijiko, akailaza pamoja chini ya blanketi moja karibu na meko. Asubuhi akafungua mmoja: mala nzito, unaweza kusimamisha mwiko. Akafungua wa pili: maziwa ya jana, hayajui kama kumekucha.

Akaifunika tena mikebe yote miwili. Kisha akavaa kitambaa chake cha kanisani na kukifunga kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Ukumbini, Mwenyekiti alikuwa ameshughulikia zile tepe za kaunti. Zilifungwa kwenye viti vya wageni, kwenye meza, na kwenye nguzo mbili za jukwaa. Ya kwake ilikunjwa ikawa ua, akaibandika kifuani. Daktari Nabwire alipewa kiti cha plastiki pembeni na daftari la kumbukumbu, pamoja na barua ya Mwenyekiti na kibali alichonyang'anywa senje mlangoni.

Hotuba ikasomwa. Ilipofika kwenye "uchafu wa mtu mmoja unaoaibisha wilaya nzima", niliinua mkono.

"Mzee Mwenyekiti, kwa unyenyekevu mkubwa, mtuhumiwa anaomba uonje kabla ya kuhukumu."

Mtu mwenye hotuba moja hakatai kuonja. Nilimletea glasi mbili. Ya kwanza, nzito, aliimaliza yote na kupangusa masharubu.

"Hii ndiyo mala! Hii imetoka kwa boma ya mtu msafi."

Ya pili aliinusa, akaigusa kwa ulimi na kukunja uso wote mpaka masikio.

"Hii sasa ndiyo ile takataka! Maziwa imeharibiwa na mkebe. Daktari, andika: mkebe mchafu, mwenye mkebe mchafu. Mimi nitatia sahihi."

Nabwire akaandika. Mwenyekiti akatia sahihi, yenye mkia mrefu.

Ndipo nikaitoa mikebe chini ya meza. Niliuinua ule unaong'aa, uliojaza glasi ya pili, nikauliza, kwa sauti ya kuhani, kama kuna anayeujua.

Mama Lawrence alikuwa amesimama tayari.

"Huo ni wangu! Nimeuosha mara mbili! Johnstone, unaniita mimi mchafu mbele ya kanisa?"

"Si wewe, mama. Ni... ni kosa ya..."

"Kosa ya nani? Nimeuosha, nimechemsha, nimemimina na mikono yangu! Kama si mkebe ni nini? Si nilikuambia usidunge ng'ombe zote juu ya moja kufura titi? Si nilisema? Tangu Jumapili unadunga tu, asubuhi na jioni, kama mtu anapanda mahindi!"

Kalamu ya Nabwire ikasimama.

"Mala hii nzito imetoka wapi?" Nabwire aliuliza.

"Kwa ng'ombe wangu," Nasambu akajibu, "ndani ya mkebe wa Nanzala. Ule mchafu."

Senje alisonga mbele mpaka mezani. "Daktari, kibali changu?"

Nabwire alimrudishia kibali mkononi, na barua ya Mwenyekiti akaipasua mara mbili. Kisha akamgeukia Mwenyekiti kwa upole uleule.

"Mzee, maziwa ya boma lako hayatauzwa mpaka siku tatu zipite tangu sindano ya mwisho. Naenda kufunga ng'ombe sasa hivi. Tepe ziko wapi?"

Watu wote waliangalia viti, wakaangalia nguzo. Tulianza kufungua. Zilizokuwa hazijakatwa vipande vya mapambo zilitosha ng'ombe kumi na watatu.

"Imebaki moja," senje akasema, akitazama kifua cha Mwenyekiti.

Nilisimama tena. Nilipendekeza kwamba ng'ombe wa kumi na nne afungwe kitambaa chochote, na utepe ule ubaki palepale ulipo, kwa kuwa sheria ni sheria: aliyefungwa utepe, kinachotoka kwake kimwagwe, kiwe maziwa au hotuba.

Mzee Walubengo alifungua mdomo kujibu.

"Siku tatu, Mzee," Nasambu akamwambia. "Hata mimi nilingoja."

Pendekezo likapita bila kupingwa.